Sweta la Umeme

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, timu ya riadha ilizunguka uwanja wa shule mara nne. Kufikia mzunguko wa pili, wote walikuwa wameshatupa masweta yao kwenye nyasi, isipokuwa Umeme. Huyu alikuwa binti wa mjomba wa Kidoti, mkimbiaji mwenzake, na alihamia nyumbani kwa akina Kidoti mwaka uliopita.

"Mwone," Kidoti alimnong'oneza mwenzake. "Anajiona malkia."

Kidoti alikuwa na orodha kichwani. Sweta lile zito, mama alimfumia Umeme peke yake. Umeme aliruhusiwa kuketi kwenye ngazi kupumzika, huku Kidoti akisugua masufuria. Umeme alitafuna barafu siku nzima na hakuna aliyemkemea. Kubwa kuliko yote, ndiye aliyekimbia zamu ya mwisho katika mbio za kupokezana vijiti, ingawa kasi yake ilikuwa ikishuka kila wiki. Kidoti alikuwa wa akiba tu. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba.

Asubuhi ya mchujo ilikuwa na baridi. Kidoti alilificha sweta chini ya nyavu za stoo ya michezo.

"Dada, hujaliona sweta langu?"

"Kwani mimi kabati lako?"

Umeme akakimbia bila sweta. Alipopokea kijiti, vidole vilivyopauka vilishindwa kukishika, kikaanguka. Aliketi chini akihema, akitetemeka, huku wenzake wakijifuta jasho.

"Kidoti, zamu ya mwisho ni yako," alisema mwalimu wa michezo.

Maneno hayo aliyasubiri muhula mzima. Sasa aliyasikia huku akiitazama midomo ya Umeme, iliyokuwa haina rangi.

Mchana huo, kwenye zahanati alikowapeleka mama, muuguzi alimpima Umeme malaria. Haikuwepo. "Hali hii imeanza lini?"

"Leo tu," alijibu mama. "Jana alikuwa mzima."

"Ni baridi tu, shangazi," Umeme alisema haraka. Hakutaka kupoteza nafasi yake.

Kidoti alijua kwamba akinyamaza, nafasi ni yake.

"Si leo," alisema. "Ni wiki nyingi." Akaitoa orodha yote: sweta hata mazoezini, ngazi, barafu, kasi. Kisha, kwa sauti ndogo, "Na leo sweta nililificha mimi."

Mama alimkazia macho. Muuguzi alivuta chini kope ya Umeme, akaona ndani kumepauka, akamtoboa kidole na kupima damu.

"Ana upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma," alisema. "Chuma huisaidia damu kubeba oksijeni. Kikipungua, misuli huchoka upesi na moyo hudunda mbio kufidia. Mwili nao hushindwa kutengeneza joto la kutosha, na kwenye baridi, mikono na miguu ndiyo huumia kwanza. Hata hamu ya kutafuna barafu ni dalili yake."

Aliandika vidonge vya chuma, akaagiza maharage, nyama na mboga za majani, pamoja na chungwa, na chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Kisha akamgeukia Kidoti.

"Wivu ulikufanya uone kila kitu, mwanangu, ila ukakisoma vibaya. Ulidhani ni upendeleo, kumbe ni ugonjwa. Ukiona mwenzako amebadilika, muulize kwanza, kabla ya kumhukumu."

Kidoti alikimbia zamu ya mwisho muhula ule, timu ikashika nafasi ya tatu. Miezi mitatu baadaye, Umeme alimpita kwenye mzunguko wa pili, na wivu ukamchoma tena, kidogo. Mara kitu kizito kikamwangukia usoni.

"Nishikie sweta, dada!" Umeme alipiga kelele, jasho likimtiririka. "Na leo usilifiche!"