Maranda ya Kichakani kwa Chrispin

Jua lilikuwa linazama kijijini Mnyambe wakati Esha binti Sadallah alipochukua kikapu kwenda kwa Chrispin, mchonga vinyago, kuomba maranda ya kutandika sanduku la nyoka wake.

Walikuwa nyoka wa nyumba, wadogo bado, wasio na sumu. Mayai yao aliyakuta akipalilia mikorosho. Alitaka wakue, wamlindie ghala na panya. Lakini mmoja alikwisha kufa kwa kumeza, pamoja na chakula, mchanga aliowatandikia kwanza. Udongo nao ulishika unyevu, ukawatia wenzake vidonda tumboni. Kosa jingine, angewakosa wote.

Chrispin hakuwepo. Nyuma ya ua wake, kichakani, Esha aliona lundo la maranda meupe. Akayanusa. Hayakuwa na harufu wala vumbi. Yanafaa. Akajaza kikapu.

Njiani alikutana na jirani yake.

"Shikamoo, Mama Faidha."

"Marahaba. Siku hizi wachawi wanabeba magodoro?"

"La watoto hili. Karibu uwaone. Hawaumi kama ulimi wako."

Nyumbani alitandika maranda, akaweka kigae cha kujifichia na kisahani cha maji, akafunga kifuniko cha wavu.

Nyoka hawakutulia. Walipanda kuta za sanduku, wakajibana juu kwenye wavu, mbali na maranda.

Kisha ikaja harufu. Nta... na nywele zinazoungua.

Ko.

Ko... ko.

Kama tezo juu ya mti. Mlangoni.

"Esha..." kitu kilinong'ona. "Wanalalia uso wangu."

Alichungulia kwenye ufa wa mlango. Mtu alisimama uani, amefungwa nguo mwili mzima, njuga kiunoni. Uso wake ulikuwa bapa, mweupe, kama ubao ambao haujachongwa.

Hakuwa na macho.

Alikuwa anamtazama.

Esha aligeuka. Alifungua sanduku, akazoa maranda yote, akafungua mlango, akayamwaga miguuni pa yule mtu.

"Uso wako huo. Chukua."

"Na waliolalia..."

"Hao wangu! Ondoka uani kwangu."

Akabamiza mlango. Njuga zikalia, zikafifia kuelekea kichakani. Esha akatandika magazeti ya zamani. Nyoka wakashuka mmoja mmoja.

Asubuhi uani hapakuwa na hata chembe ya maranda. Alimwita Chrispin, akamweleza. Chrispin aliingia ndani, akasimama karibu na sanduku.

"Hayo ni maranda ya lipiko, dada. Kinyago cha kuvaa usoni ngomani. Tunakichonga kichakani, wanawake wasione, na maranda yake tunayafukia."

"Mbona hukuyafukia?"

"Niliyafukia. Mwaka jana, mimi mwenyewe."

"Nani ameyafukua?"

Chrispin alimpa kisogo. Alikuwa akiangalia sanduku. Nyoka mmoja alikuwa amejivua gamba. Lilikuwa limelala juu ya gazeti, na upande wa kichwa lilikuwa na chale, mistari juu ya mistari, kama nyuso za wazee wa zamani.

"Wachome wote," Chrispin alinong'ona. "Leo hii."

"Huchomi kitu hapa."

Alipokwisha kuondoka, Esha alibadilisha gazeti, akajaza kisahani maji, akafunga wavu.

Ndani ya sanduku, chini ya kigae, njuga moja ndogo ikalia.

Esha akakaza kifuniko.

"Kunywa maji," akasema, "ulale."