Kitanda cha Nne

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Sawsan, pale Suez, siku ya arobaini ya baba yake.

Baba huyo, Mzee Shukri, alipoteza mguu vitani, ng'ambo ya mfereji. Vita viliisha, lakini alikataa katakata kukwangua rangi ya buluu waliyopaka vioo vya madirisha ili ndege za adui zisione taa. Na kila jioni alipita chumba cha watoto akigonga vitanda vyao vya chuma kwa mkongojo: ngo, mara moja kwa kila mtoto aliye salama, hata kama yuko safarini. Wanne wakitimia, ndipo naye alale.

Alasiri hiyo wageni walikuwa wakimngoja kaka mkubwa, Raafat, aliyekuwa njiani kutoka Aswan. Mama akamtuma Sawsan chumba kile akalete nishani za marehemu.

"Usikawie, baba yako asije akakuhesabu!"

"Mama nawe! Hata leo utani huo?"

Nje jua lilikuwa kali, ila mle ndani mlikuwa na giza la buluu. Sawsan alipoinamia sanduku la nishani kando ya kitanda chake, mlango ukajifunga. Kisha akasikia mkongojo ukija sakafuni, taratibu, na mguu mmoja ukiburutwa nyuma yake.

Ngo. Ngo. Mara ya tatu ukagonga kitanda cha Sawsan mwenyewe, chuma kikamtetemekea ubavuni.

Mkongojo ukafika kwenye kitanda cha Raafat, ukasimama. Sawsan akajikuta akiomba, "Gonga, baba. Gonga."

Ukageuka bila kugonga, ukarudi mlangoni.