Vichwa vya Kamba

Leandro Quiroga alikutwa amelala kifudifudi kati ya vibanda vya soko la Santa Brígida, Cádiz, mkononi bado kashika kichwa cha kamba wa kuchoma. Mdomo ule uliozoea kuchekesha watalii ulikuwa umejaa povu. Watalii wenyewe, aliokuwa akiwatembeza kuonja tapas, vitafunio vya huko, walijibanza kwa muuza jibini wakilia.

"Walikula sinia moja?" aliuliza Inspekta Remedios Aldana.

"Moja, afande," alijibu Begoña, muuza jibini. "Na wote wazima."

Remedios akachutama. Chini palitapakaa vichwa vya kamba, maana hapo mabaki hutupwa sakafuni. Vya watalii vilikuwa vimejaa. Cha marehemu kilikuwa kimefyonzwa, kimebaki gamba tupu. Remedios, mzaliwa wa mji huo, hakuwahi maishani mwake kuacha kichwa cha kamba bila kukifyonza.

Jioni maabara ikathibitisha: sumu ya panya, imeingizwa kwa sindano, vichwani tu.

Akamkamata Fermín, mwenye kibanda cha kamba, mjane mcheshi.

"Je, kama mtalii naye angefyonza?"

"Hawafyonzi, wanaona kinyaa. Mla vichwa alikuwa yeye."

"Alikukosea nini? Si alikuwa anakuletea wateja?"

Fermín akatabasamu, tabasamu lile lile la kibandani. "Unajua Kiingereza, afande?"

"Kidogo."

"Mimi sijui hata neno. Kila akija ananishika bega, anawaambia kitu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na mimi nacheka. Nawaongezea na kamba wa bure. Juzi juzi mama mmoja wa Meksiko, anayeongea lugha yetu, hakucheka. Akarudi peke yake kunipa pole."

"Pole ya nini?"

"Kumbe Leandro alikuwa anawaambia: 'Mke wa huyu alijitosa baharini. Aliona heri papa kuliko harufu ya mumewe.' Ni kweli alijitosa. Miaka sita, afande! Miaka sita nimemcheka Dolores wangu."

Remedios alimpa karatasi ya maungamo atie saini, akashindwa kumtazama usoni.

Mlangoni mwa kituo alimkuta Begoña akisubiri kuandikisha maelezo yake.

"Ulikuwa unajua Leandro anasema nini pale?"

"Soko zima tulijua." Begoña akapandisha mabega. "Tulidhani na mzee mwenyewe anajua. Si alikuwa anacheka?"