Risiti Nane kwenye Friza

Kabla hujakaa vizuri nikutegee hiki: ninaye mtumishi, akiona moto hutoroka, akiona barafu hurudi. Ni nani huyo? Usikimbilie jibu. Fundi cherehani hakulijua, na nusura limpokonye cherehani yake.

Jumanne, saa mbili asubuhi, fundi alifungua kopo la risiti akapiga ukunga. Risiti zote nane zilikuwa tupu. Muhuri wa kampuni upo, namba ipo. Tarehe, kiasi na sahihi, hakuna. Na mezani palikuwa na barua: deni lake, lililohamishiwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, halijalipwa hata senti. Ijumaa saa nne cherehani itachukuliwa.

Shangazi yake, dobi mstaafu waliyemwita Bi Pasi, alifika chai haijapoa.

"Deni la nini hili, mwanangu? Mbona hukuniambia?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Tuanze na risiti, shangazi."

"Haya. Nani mwingine hugusa kopo?"

"Wifi tu, maana tunaishi naye humu. Atakuwa amenibadilishia."

"Mimi?" Wifi aliruka kutoka kitandani. "Niibe karatasi nizile na chumvi?"

"Tulieni, nyie!" Bi Pasi alipeleka risiti moja dirishani, akaiinamisha mwangani. Tangu apasuliwe macho mwaka juzi, tena bure, alimwombea daktari yule kila alfajiri. Sasa aliona hata uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Akaiona mikwaruzo: kalamu ilipita hapa, ikabonyeza karatasi.

"Hazikubadilishwa. Wifi yako hana kosa. Maandishi ndiyo yaliyotoka. Kopo hukaa wapi?"

"Kwenye rafu hiyo, juu ya jiko la makaa ya pasi. Bwana Mkoba mwenyewe alinishauri."

Bwana Mkoba ndiye mtu wa madeni, aliyekuja kila tarehe mosi na mkoba wake mweusi kuchukua pesa.

"Alisema zikae penye joto, zisiliwe na unyevu."

"Ana huruma sana," akasema Bi Pasi, na wala hakucheka. Alizitia risiti kwenye mfuko wa plastiki, akaenda moja kwa moja kwa muuza barafu wa pale kona. "Niwekee kwenye friza mpaka Ijumaa, baba. Usiniulize."

Hakuuliza.

Ijumaa, saa nne kasorobo, walikuwa mbele ya meza ya meneja wa kampuni ile ya madeni. Bwana Mkoba alisimama pembeni, mkoba kwapani.

"Karatasi tupu si ushahidi, mama," akasema.

"Kweli, baba. Basi niazime kalamu, niweke sahihi ya ushahidi mkachukue cherehani."

Bwana Mkoba alimpa ile ya mfukoni mwa shati lake. Bi Pasi aliandika sahihi kubwa kwenye karatasi ya pale mezani, kisha akatoa kikapuni pasi yake ya mkaa, ingali na moto. Meneja alirudisha kiti nyuma. Pasi ikapita mara moja. Karatasi ikawa nyeupe pe.

"Miaka mingi nyuma nilipiga pasi shati la mwalimu," akasema, "orodha ya mfukoni ikafutika. Mwalimu akanicheka, akaitia kwenye friza, ikarudi. Wino wa namna hii hukimbia moto, lakini hauendi mbali."

Akafungua mfuko wa barafu. Risiti nane, baridi, maandishi yamefifia lakini yanasomeka: tarehe, kiasi, sahihi ya Bwana Mkoba. Meneja alivuta kitabu cha vishina, vipande vya risiti vinavyobaki ofisini. Namba zilezile nane, kila moja imeandikwa: imeharibika.

Bwana Mkoba alikaa bila kukaribishwa. "Nami nadaiwa," akanong'ona. "Kamari. Nilidhani nitashinda nirudishe."

"Ungerudisha nini, na mwenzako hana cherehani?" akauliza Bi Pasi.

Meneja aliuchukua mkoba, akapiga simu polisi, kisha akaandika kwa kalamu yake mwenyewe: miezi minane imelipwa, imebaki miwili. Bi Pasi aliyajaribu maandishi hayo kwa pasi. Hayakutoka.

Nje, fundi alimkumbatia wifi yake. "Nisamehe, wifi."

"Nishonee gauni, tena la mikono mirefu, yaishe."

Walipita kwa muuza barafu wakamshukuru mpaka akaona haya. Ndipo Bi Pasi akamshika fundi mkono.

"Nimengoja tangu Jumanne. Deni la nini, mwanangu?"

Fundi alimtazama machoni, yale macho maangavu.

"Yule daktari wako, shangazi," akasema, "hakukupasua bure."