Shayiri ya Wulfruni

Katika zama ambazo Wadani, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, waliichoma moto nchi ya Wasaksoni wa Magharibi, aliishi huko mjane aitwaye Wulfruni. Desturi ilitaka kila mwenye nyumba alipe kanisa nafaka siku ya Mtakatifu Martini, kwa ajili ya nyumba ambamo aliota moto Noeli iliyopita. Malipo hayo waliyaita chirichisheati: chirichi ni kanisa, sheati ni malipo. Padri alipoyapokea, aliita jina la mlipaji mlangoni, na kuanzia hapo hakuna aliyebishana na mlipaji huyo kwamba nyumba ile ni yake.

Ndiyo maana Wulfruni hakutulia. Shemeji yake Keolmundi, askari wa mfalme, aliitaka nyumba ya marehemu kaka yake, naye alikwishatangulia kanisani kwa farasi.

Alipokwisha kupita, daraja lilishikwa na Wadani. Wulfruni akashukia kivukoni, gunia la shayiri kichwani, kisu kiunoni. Katikati ya mto mshale ukalitoboa gunia. Aliziba tundu kwa kiganja akaendelea, maji yakimfika kifuani, nafaka zikimponyoka vidoleni. Ng'ambo alikimbia, akasimama kusikiliza kwato, akakimbia tena.

Alipofika, magunia matatu ya ngano safi yalikuwa mlangoni pa kanisa. Keolmundi, katika deraya na joho jekundu, alilitazama gunia la Wulfruni lililokuwa likichuruzika.

"Shemeji, hizo umewaletea kuku wa padri?"

Watu wakacheka. Wulfruni, akitweta, alilitua gunia lake kando ya yale matatu.

Padri Tilberti, mtu asiyependa haraka, aliuliza kwanza kila mmoja aliota moto wapi siku ya Noeli.

Keolmundi alijibu kwa majivuno, kama alivyojitapa mwaka mzima. "Kambini, kuumeni kwa mfalme. Nani hajui?"

"Basi ngano hii ipeleke kanisa la huko," padri akasema. "Na wewe, binti?"

"Nyumbani, Padri. Wadani walikuwa msituni. Niliogopa moshi ungenifichua, ila baridi ilizidi woga."

Jirani mmoja akakiri kwamba aliuona moshi huo. Padri akapokea shayiri iliyolowa, akaliita jina la Wulfruni.

Wulfruni hakungoja pongezi. Njiani bado walikuwepo Wadani, na moto wa nyumbani aliuacha peke yake.

Neno chirichisheati liliandikwa katika sheria, likadumu karne nyingi. Jina la Wulfruni liliitwa mara moja tu, mlangoni, likamtosha.