Jua la Wiki Mbili

Alhamisi asubuhi Mama Pacha alichemsha chai huku akitazama mawingu. Hakuhitaji kutoka nje ili kuyaona. Jiko lao lilikuwa upande wa nyuma wa nyumba, na upande huo haukuwa na paa tangu jana.

Mabati ya zamani yalikuwa yamelala uani, mekundu kwa kutu. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyaondoa akisaidiana na seremala. Walidhani ni kazi ya siku mbili tu. Lakini walipofungua, walikuta mchwa wamekula karibu mbao zote. Mbao mpya zingeletwa Jumamosi.

"Usiwe na wasiwasi," mume alimwambia. "Jumapili niliangalia hali ya hewa ya wiki mbili. Ni jua tupu mpaka Jumatano ijayo. Kesho tufungue na upande wa mbele, tumalize kwa mpigo."

Upande wa mbele ndiko alikolala mama mkwe. Alikuwa ametoka hospitali hivi karibuni, baada ya kuugua homa ya mapafu. Daktari alisema asipigwe na baridi wala kulala penye unyevu. Miguu bado ilikuwa haina nguvu, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa.

"Mwanangu," alimwita Mama Pacha. "Nasikia kesho na mimi nitafunuliwa kama sufuria."

"Bado hatujaamua, mama."

"Mume wako ameshaamua. Namjua, nilimzaa mwenyewe."

Mama Pacha alicheka kidogo, lakini roho yake ilikuwa juu juu. Alichukua simu akaangalia hali ya hewa ya eneo lao. Mumewe alipoangalia Jumapili, picha ya mvua ilikuwa kwenye Jumatano ijayo. Leo ilikuwa imehamia Jumamosi hii. Chini yake palikuwa na maandishi: asilimia sitini.

Alimwonyesha mumewe, ambaye alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini.

"Hizi simu bwana," alisema mume. "Juzi jua, leo mvua. Asilimia sitini maana yake hata wao hawana uhakika. Seremala nimeshamwambia. Kesho saa mbili yuko hapa."

Akaondoka.

Mama Pacha aliosha vikombe, kisha akajikuta anaviosha tena. Kila upepo ulipovuma aliinua macho. Kutoka chumba cha mbele alisikia kikohozi cha mama mkwe, kikavu, kimoja baada ya kingine.

Alasiri hakuweza kuvumilia tena. Akavuka barabara kwenda kwa jirani yao. Mtaa mzima ulimwita Kipimo, kwa sababu alifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa. Kila asubuhi alipima mvua iliyonyesha na kuiandika. Alimkuta ameketi kizingitini, anavua mabuti.

Mama Pacha alimweleza yote. Kipimo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mumeo anarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi nitakuja. Mimi nikikwambia wewe, itabidi umwambie yeye, na mtagombana bure."

Alikuja kweli. Mume alimkaribisha kiti, lakini uso ulikuwa umekunjamana.

"Shemeji," alisema Kipimo, "mteja akiagiza geti, unapima mara ngapi?"

"Napima nikipokea kazi. Halafu napima tena siku ya kukata chuma."

"Kwa nini unarudia?"

"Mwenye nyumba anaweza kuwa amepiga plasta. Nafasi imepungua."

"Hali ya hewa nayo iko hivyo. Tunapima leo, tunakadiria siku zijazo. Kesho anga imebadilika, tunapima tena na kukadiria upya. Ndiyo maana picha inahama. Hakuna aliyekudanganya. Wewe uliangalia Jumapili, hukuangalia tena."

Mume alikuna kidevu. "Sasa hizo wiki mbili zina faida gani?"

"Zina faida ukijua kuzisoma. Siku tatu za mwanzo zipe uzito. Siku ya nne mpaka ya saba, zipangie kazi, lakini angalia tena kila siku. Wiki ya pili inakupa dalili tu, kama kunaelekea mvua au ukavu. Usifungue nyumba kwa kutegemea jua la siku ya kumi. Na kumbuka, utabiri ni wa eneo zima. Mvua inaweza kunyesha sokoni, hapa pakabaki pakavu."

"Na hiyo asilimia sitini?"

"Chukua siku kumi zinazofanana na Jumamosi hii. Siku sita mvua itanyesha, nne haitanyesha. Hujui yako ni ipi. Kwa hiyo jiulize: nikikosea, nitapoteza nini?"

Chumbani mama yake alikohoa tena. Mume aligeuka kuutazama mlango wake.

"Na nikisubiri, halafu isinyeshe?" mume aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Utakuwa umechelewa siku chache. Basi."

Mume alitoa simu mfukoni akampigia seremala. "Kesho hatufungui mbele," alisema. "Njoo Jumamosi, mbao zikifika."

Kipimo aliwapa kazi ya Ijumaa. Wazibue mfereji wa nyuma. Wahamishe unga, nguo na vitanda vya watoto kwenda mbele. Watafute turubai, walifunge upande mmoja katikati ya paa, pale mabati ya mbele yanapoishia, na wafunge kamba kwenye pembe zake ili liweze kuvutwa kutoka chini. "Na mkisikia radi," alisema, "hakuna mtu kubaki juu. Hata kama umebakiza msumari mmoja."

Ijumaa kulikuwa na jua kali kutoka asubuhi mpaka jioni. Mume alizibua mfereji huku jasho likimtiririka. Kila aliponyoosha mgongo alitazama mbingu, kisha akamtazama mkewe. Mama Pacha alitamani aseme neno. Jioni aliangalia simu tena. Jumamosi mchana: asilimia themanini. Akatoka kukagua kamba za turubai.

Jumamosi mbao zilifika saa mbili na nusu. Mume na seremala walifanya kazi bila kupumzika. Kufikia saa saba mbao zilikuwa zimesimama na mabati mapya yamefunika zaidi ya nusu. Jua lilikuwa bado linawaka. Halafu, mbali sana, pakasikika ngurumo.

Seremala alishuka mara moja. Mume alibaki juu, nyundo mkononi.

"Misumari minne tu," alisema.

"Shuka," alisema Mama Pacha.

"Minne tu, mke wangu."

"Nina mgonjwa mmoja tayari. Shuka."

Mume alimtazama, akaona ameshaishikilia ngazi. Akashuka. Walishika kamba wote, wakavuta turubai mpaka likafunika sehemu iliyobaki, wakafunga kwenye vigingi. Hawakuwa wamemaliza kuingia ndani mvua ilipomwagika.

Ilinyesha kwa saa mbili. Jikoni kona moja ilivuja, wakaweka beseni. Nyuma maji yalipita mferejini kwa kasi. Mume aliingia chumba cha mbele, akapapasa ukuta kwa kiganja, halafu sakafu, halafu godoro. Kila mahali palikuwa pakavu. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ningekufungulia paa, mama," alisema.

"Najua," alisema mama yake. "Nilimwomba Mungu, halafu nikamwombea na mke wako asichoke kukuzuia."

Upande wa mbele waliufungua siku kumi na moja baadaye. Kila asubuhi mume aliangalia hali ya hewa kabla ya kwenda kazini. Picha ilihama mara tatu, na mara tatu walibadili mpango bila ugomvi. Zilipoonekana siku tatu kavu mfululizo, walimhamishia mama upande wa nyuma uliokwisha kuezekwa, wakafanya kazi, na siku ya tatu wakapiga msumari wa mwisho.

Mvua iliyofuata iliikuta nyumba imefungwa kote. Mabati mapya yalipiga kelele kama ngoma. Mama mkwe, ambaye sasa alikohoa kwa nadra, alilalamika kwamba hasikii habari za majirani.

"Mwanangu, mvua hii inaisha lini?" aliita.

Mama Pacha alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka kidogo tu, na usingizi ulikuwa umeshamchukua.