Nukta Iliyopanda Nchi Kavu

Haya yalimkuta mdogo wangu, tumbo moja, kwa hiyo msiniambie nimeyaokota kijiweni.

Kazi yake ilikuwa kukodolea macho picha za rada zinazopigwa na setilaiti. Humo bahari hutoka nyeusi, meli hutoka nukta nyeupe. Alizitafuta kwa jicho, na alikuwa hodari. Kisha akaja mwenzake tuliyemwita Kipanga, akaunda programu inayozitambua meli yenyewe na kuzizungushia kisanduku chekundu kabla mdogo wangu hajamaliza kupiga miayo. Ofisi nzima ikawa Kipanga huyu, Kipanga yule. Mdogo wangu akija kula kwangu, chakula hakishuki.

"Dada, kwani mimi sionekani?"

Wivu ulimkaa rohoni, naye akaulea kama mtoto.

Siku ya majaribio Kipanga alipanda boti mwenyewe, akaenda bahari kuu. Programu ikiiona boti yake, anakuwa mkuu wa kitengo. Picha iliingia asubuhi, na boti ilikuwemo, ndani ya kisanduku. Mdogo wangu akatazama kulia, akatazama kushoto, akaifuta boti ile pichani, pamoja na kisanduku chake. Alitaka kumwaibisha tu.

Mchana bahari ikachafuka, injini ya boti ikazima. Waokoaji wakapiga simu kuuliza iko wapi. Jibu lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Picha ni safi, haina boti," akasema.

Kipanga hakurudi. Ukuu akapewa mdogo wangu.

Picha iliyofuata ilikuwa na kisanduku ufukweni. Iliyofuata, kiko nchi kavu. Programu ile huifunika nchi kavu yote, isije ikadhani majumba ni meli, kwa hiyo haiweki alama huko. Iliweka. Sokoni. Kisha kwenye mtaa wake. Kisha juu ya paa lake.

Alikimbilia kwangu na begi moja. Hapo ndipo aliponieleza yote, akanionyesha picha mpya kwenye simu. Niliitambua kona ya barabara yangu. Kisanduku kilikuwa juu ya nyumba yangu.

"Dada," akanong'ona, "amefika."

Nilitoka kidogo kumchemshia chai. Jikoni kwangu mlango wa chumba nilichomwacha unaonekana wote. Hakutoka mtu.

Niliporudi, chumba kitupu. Dirisha lina nondo. Viatu viko palepale. Godoro limelowa chapachapa. Nikagusa, nikaonja kidole.

Chumvi.

Godoro hilo nalianika juani mpaka leo. Halikauki.

Ofisini wananiambia kuna visanduku viwili pale boti ilipopotelea. Meli zikipita hazikuti kitu, maji tu. Kimoja ni kikubwa. Kingine ni kidogo, nyuma yake.

Mdogo wangu sasa anaonekana katika kila picha. Nyuma ya Kipanga.